Pol Amat: miaka 16 ya magongo na medali mbili za fedha

Mwaka 2008 Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Magongo, FIH, lilimchagua Pol Amat wa Hispania kuwa mchezaji bora wa dunia kwa upande wa wanaume. Mwaka huo huo, tarehe 23 Agosti mjini Beijing, Amat alikuwa katika timu iliyofungwa 1-0 na Ujerumani kwenye fainali ya Olimpiki, akarudi kwao na medali ya fedha, ya pili katika maisha yake ya uchezaji. Wanaopenda kufupisha mambo humtaja kama mchezaji hodari ambaye hakujaaliwa dhahabu ya Olimpiki, kisha habari yake inaishia hapo. Mimi muhtasari huo naukataa. Si kwamba ni wa uongo, ila unapima kazi ya miaka 16 kwa dakika 70 za fainali ya siku moja, na unaacha nje mambo mawili ambayo ndiyo yaliyonivutia kwa mtu huyu, yaani mahali alikotoka na namna alivyodumu.

Najua swali la wasomaji wangu wa huku Kusini: Mtwara na mpira wa magongo, wapi na wapi? Wana haki ya kuuliza. Hapa Mtwara Mjini ukisema unakwenda mpirani kila mtu anaelewa kuwa unakwenda Nangwanda Sijaona kutazama soka, na mwisho wa wiki vibanda umiza hujaa watu waliolipia kiingilio ili kuona ligi ya Uingereza au ya hiyo hiyo Hispania. Kwenye viwanja vya shule zetu nimezoea kuona soka, netiboli, wavu, kikapu, mikono na riadha, lakini magongo sijayaona hata kwa mzaha. Mechi za Amat nimezitazama kwenye simu, usiku, wakati bando lina nafuu, na nyingine picha zake ni hafifu kiasi kwamba mpira wenyewe unaukisia kwa kufuata miguu ya wachezaji.

Hata hivyo, kati ya nchi yetu na Hispania kuna mechi moja ya magongo ambayo Watanzania wengi hawaijui. Katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, baada ya mataifa mengi kususia michezo ile kwa kuifuata Marekani, mashindano ya magongo ya wanaume yalibaki na timu sita tu, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Tulimaliza wa mwisho. India ilitufunga 18-0, Umoja wa Kisovieti 11-2, Poland 9-1, Cuba 4-0, na Hispania 12-0. Jirani yangu, mwalimu mstaafu ninayemkuta barazani kwake kila jioni, huzikumbuka medali mbili za fedha za mwaka ule, ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000 na ya Filbert Bayi katika mbio za kuruka viunzi na maji, ambazo mpaka leo ndizo medali pekee za Olimpiki za taifa letu. Nilipomwamkia na kumwuliza kuhusu timu ya magongo, aliniambia kwamba hiyo hakuwahi kuisikia, na alitaka kwanza nimhakikishie kwamba simtanii. Sasa, katika kikosi cha Hispania kilichokwenda Moscow, na ambacho kilifika fainali na kufungwa na India 4-3, alikuwamo mchezaji aitwaye Juan Amat.

Hapo ndipo udadisi wangu ulipoanzia. Wanaume wa Hispania wana medali nne za Olimpiki katika mchezo huu, shaba ya Roma 1960, fedha ya Moscow 1980, fedha ya Atlanta 1996 na fedha ya Beijing 2008, na katika vikosi vyote vinne jina la Amat limo. Roma alikuwapo Pedro Amat, Moscow alikuwapo Juan Amat, Atlanta walikuwapo Jaume Amat na Pol Amat kwa pamoja, na Beijing alibaki Pol peke yake. Ukivitazama vikosi hivyo kwa makini utaona si Amat tu. Jina la Dinarés limo Roma na limo Atlanta. Jina la Usoz vivyo hivyo. Malgosa limo Moscow na Atlanta, Arbós na Fábregas yamo Moscow na Beijing. Ni majina ya nyumba chache yanayojirudia kwa karibu miaka 50, na yeyote anayetaka kueleza taaluma ya Pol Amat bila kuyataja atakuwa anaeleza tunda bila mti.

Chimbuko la sehemu kubwa ya majina hayo ni Terrassa, mji wa Catalonia ulio karibu na Barcelona, ambao zamani ulijulikana zaidi kwa viwanda vyake vya nguo za sufu. Hispania ni nchi ya soka kuliko hata sisi, na katika maeneo mengi ya nchi hiyo mtu anaweza kuzaliwa na kuzeeka bila kushika gongo, lakini Terrassa ina klabu za magongo kama Egara na Atlètic ambako baba, mama na watoto ni wanachama, na mtoto hupewa gongo lililokatwa kwa kimo chake kabla hajajua kusoma vizuri. Olimpiki ya mwaka 1992 ilipofanyika Barcelona, mashindano ya magongo yalipelekwa huko huko Terrassa, na wanawake wa Hispania wakatwaa dhahabu mbele ya watu wao kwa kuifunga Ujerumani 2-1 katika muda wa nyongeza. Pol Amat, aliyezaliwa tarehe 4 Aprili 1978, alikuwa na miaka 14. Klabu yake ya ukubwani ilikuwa Real Club de Polo ya Barcelona, klabu iliyoanzishwa mwaka 1897, na ambayo kama jina lake linavyoonesha ilianza na farasi kabla ya magongo kuingia.

Ninaposoma habari za Terrassa huwaza Ruangwa, na nadhani mtu wa Lindi atanielewa. Kabla ya timu yao ya soka, Namungo, kupanda ligi kuu na kufika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21, ungemwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba timu ya wilaya hiyo itakuja kucheza na timu za kigeni angekucheka. Tofauti ni kwamba Terrassa haikutegemea timu moja wala msimu mmoja mzuri, bali ilikuwa na klabu zinazoshindana zenyewe kwa zenyewe mtaa kwa mtaa, ambapo mtoto aliyeshindwa kupata namba upande huu alihamia upande wa pili na kesho yake akarudi kuwafunga waliomkataa.

Kabla sijafika kwenye mechi zenyewe, acha nieleze kidogo kazi ya mikono, maana bila hiyo mtu wa soka hataona alichokuwa anakifanya Amat. Gongo lina upande bapa mmoja tu unaoruhusiwa kugusa mpira, na upande huo uko kushoto. Mpira ni mgumu, una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, na unakimbia kwa kasi juu ya nyasi bandia zilizomwagiwa maji. Mchezaji anayetaka kuukokota mpira mbele yake huku akiuhamisha kulia na kushoto hana budi kuligeuza gongo kila mara ili upande bapa uwe tayari kuupokea, na analigeuza kwa mkono wa kushoto ulioshika juu kabisa, huku mkono wa kulia ukiwa chini umelegea kama bomba tu la kupitishia. Mkono wa kulia ukibana, gongo haligeuki na mpira unapotea. Amat alikuwa anafanya hivi akikimbia kwa kasi yote, kichwa kikiwa juu, na katika mechi moja niliyoirudia mara nyingi anampita beki kwa kuuacha mpira ukawie nusu hatua nyuma ya mguu wake wa kulia, beki anaingiza gongo mahali ambapo mpira ulipaswa kuwa, na Amat anauokota kwa ncha ya gongo lililogeuzwa na kwenda zake. Alicheza kama mshambuliaji na pia kama kiungo wa mbele, na sehemu zote mbili alikuwa mtu wa kwanza kukabwa na wawili.

Atlanta 1996 ilimkuta na miaka 18. Kikosi kilikuwa cha watu wazima, akiwamo Jaume Amat na mshambuliaji Juan Escarré, na Hispania iliitoa Australia 2-1 katika nusu fainali kabla ya kufungwa na Uholanzi 3-1 kwenye fainali. Jambo ambalo halitajwi sana ni kwamba ile ilikuwa Olimpiki ya mwisho ya magongo kuchezwa na kanuni ya kuotea. Baada ya Atlanta kanuni hiyo ilisimamishwa kwa majaribio, na mwaka 1998 ikafutwa rasmi, hivyo washambuliaji wakaruhusiwa kusimama hata karibu na golikipa wa upande wa pili bila kupulizwa filimbi. Mchezo ulibadilika sura. Uwanja ulitanuka, viungo wakapata nafasi kubwa ya kukokota mpira, na kijana aliyefundishwa kumpita mtu mmoja mmoja tangu utotoni akajikuta katika zama zilizomfaa. Nafikiri bahati hii ya wakati ilimsaidia Amat kuliko wasifu wake unavyokiri, ingawa wachezaji wengi wa rika lake walipata nafasi ile ile na hawakuifanyia lolote.

Mwaka 1998 Hispania ilifika fainali ya Kombe la Dunia mjini Utrecht na kufungwa tena na Uholanzi, mara hii 3-2 kwa goli la dhahabu, yaani goli la muda wa nyongeza linalomaliza mechi papo hapo. Sydney 2000 ilikuwa aibu: nafasi ya tisa kati ya timu 12. Baada ya hapo Wahispania walifanya jambo la busara, wakamchukua kocha Maurits Hendriks, yule yule aliyekuwa ameipa Uholanzi dhahabu huko Sydney, na akakaa nao mpaka Beijing. Hendriks aliikuta timu yenye mafundi wa mpira na aliiacha ikiwa timu inayojua kukaba, na kwa maoni yangu mabadiliko hayo ndiyo yaliyomfanya Amat awe mchezaji wa dunia badala ya kuwa fundi wa kupigiwa makofi. Mwaka 2003 walifika fainali ya Ulaya nyumbani Barcelona, wakafungwa na Ujerumani kwa penalti.

Athens 2004 nadhani ndiyo iliyouma zaidi, ingawa haikuacha medali ya kusimuliwa. Walifungwa na Australia 6-3 katika nusu fainali, kisha kwenye mechi ya kugombea shaba wakafungwa na Ujerumani 4-3 baada ya muda wa nyongeza. Kumaliza wa nne katika Olimpiki ni kurudi nyumbani mikono mitupu baada ya kucheza mechi sawa na waliopata medali. Miezi michache baadaye, Desemba mwaka huo huo, Hispania ilikwenda Lahore nchini Pakistan ikatwaa Kombe la Mabingwa kwa kuifunga Uholanzi 4-2, na mwaka 2005 ikawa bingwa wa Ulaya huko Leipzig kwa kuifunga Uholanzi tena, na tena kwa 4-2. Mwaka 2006 ikapata shaba ya Kombe la Dunia Mönchengladbach. Kwa hiyo wanaosema kizazi kile hakikujua kushinda fainali wanasema bila kuangalia kumbukumbu.

Sasa Beijing. Katika nusu fainali Hispania iliitoa Australia 3-2, na kikosi kilikuwa na mchanganyiko mzuri: Quico Cortés golini, Santi Freixa na Eduard Tubau mbele, ndugu wawili Ramón na David Alegre, na Amat mwenye miaka 30, wa pekee aliyekuwa amevaa medali ya Atlanta. Fainali ilikuwa ya kubanana. Goli pekee lilifungwa kipindi cha kwanza na Christopher Zeller kwa kona fupi, na inafaa nieleze kona fupi ni nini, kwa kuwa ndiyo iliyoamua. Ulinzi ukifanya kosa ndani ya nusu duara lililo mbele ya goli, timu iliyofanyiwa kosa hupewa mpira kwenye mstari wa nyuma, mita 10 kutoka mwimo wa goli. Walinzi wanne na golikipa wanasimama nyuma ya mstari, wenzao wote wanapelekwa katikati ya uwanja. Mpira unasukumwa nje ya nusu duara, mmoja anauzuia ufe kabisa, mwingine anauburuta kwa gongo na kuurusha golini, huku mlinzi wa kwanza akimkimbilia mpigaji mwilini kwake akijua anaweza kuupokea mpira ule gotini. Jambo lote linaisha kabla hujavuta pumzi ya pili. Mchezaji kama Amat, ambaye thamani yake iko katika mpira unaotembea, anakuwa amesimama mbali anatazama, na anachoweza kufanya ni kungoja mpira urudishwe katikati.

Wakarudishiwa mpira, na kwa muda wote uliobaki walisukuma bila kupata goli. Niliitazama sehemu hiyo nikiwa najua matokeo, na bado nilijikuta nasogea karibu na simu. Amat anadai mpira kila mara, hata palipo na watu watatu. Wajerumani walikuwa wameamua kwamba yeye hatageuka, na mara nyingi hakugeuka, akalazimika kuurudisha nyuma kwa mabeki wake ambao walianza upya upande wa pili. Kuna mtu atasema mchezaji bora wa dunia angepaswa kuivunja ngome ile peke yake. Mtu huyo amezoea soka ya vijiweni, ambako kila timu ina jina moja na wengine ni wasindikizaji.

FIH walipompa tuzo hawakumpa kwa kushinda fainali, kwa sababu hakushinda. Tuzo hiyo katika miaka ya karibu ilikuwa imechukuliwa na Teun de Nooijer wa Uholanzi na Jamie Dwyer wa Australia, wote wawili wakiwa mabingwa wa Olimpiki, na baada ya Amat ilirudi kwa Dwyer. Kuwekwa katikati ya watu hao bila dhahabu ya Olimpiki kunaonesha waliompigia kura walichokuwa wanakitazama. Mimi ninachokitazama ni kwamba miaka 12 ilipita kati ya medali yake ya kwanza na ya pili, katika mchezo ambao kanuni, mbinu na hata makocha walibadilika karibu wote, na bado alikuwa bora mwishoni kuliko mwanzoni.

Mwaka 2009 kanuni ilibadilika tena. Mchezaji aliyefanyiwa madhambi aliruhusiwa kujianzishia mpira mwenyewe na kuondoka nao, badala ya kulazimika kumpa mwenzake kwanza, na kasi ya mchezo ikapanda kwa kiwango ambacho kiliwastaafisha wakongwe kadhaa. Amat alibaki. Mwaka 2011 Hispania ilifika fainali ya Kombe la Mabingwa mjini Auckland na kufungwa na Australia 1-0, na mwaka uliofuata akaitwa kwenda London, Olimpiki yake ya tano, akiwa na miaka 34.

London uwanja ulikuwa wa rangi ya bluu na mpira wa njano, ili watazamaji wa televisheni wauone vizuri, na nakiri kwamba kwa mtu anayetazama kwenye simu ndogo uamuzi huo ulikuwa wa msaada mkubwa. Hispania ilimaliza ya sita baada ya kufungwa na Ubelgiji 5-2 katika mechi ya kugombea nafasi ya tano. Wakati huo kufungwa na Ubelgiji kulionekana ni kushuka hadhi, lakini Wabelgiji hao walikuwa njiani kuelekea ubingwa wa dunia wa 2018 na dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo. Hispania yenyewe ilikaribia medali tena Paris 2024, ikafungwa na India 2-1 katika mechi ya shaba. Kwa hiyo medali ya mwisho ya Olimpiki ya wanaume wa Hispania, mpaka ninapoandika haya, ni ile ya Beijing, na bado hakuna waliyoipata bila mtu aitwaye Amat kikosini.